Msimamizi wa Ubatizo ni Mlezi, si Shahidi wa Sherehe

Katika parokia zetu nyingi, msimamizi wa Ubatizo hutafutwa zikiwa zimebaki siku chache kabla ya adhimisho. Huonekana penye kisima cha Ubatizo akiwa na mshumaa, kisha huonekana mezani, na baada ya hapo mtoto hukua bila kuijua sura yake. Kanuni ya 872 ya Sheria ya Kanisa inamdai makubwa zaidi: amsaidie mbatizwa kuishi maisha ya Kikristo yanayolingana na Ubatizo wake, na kutimiza kwa uaminifu wajibu utokanao nao. Hiyo ni kazi ya mlezi, nayo huchukua miaka.

Thamani ya malezi ya namna hiyo tunaiona wazi kwa Mashahidi wa Uganda. Mnamo Novemba 1882 wamisionari waliondoka Buganda wakahamia kusini mwa Ziwa Viktoria, wasirejee hadi Julai 1885. Kwa karibu miaka mitatu Wakristo wale wachanga hawakuwa na padre. Walei ndio walioshika malezi, na wa mbele yao alikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa ikulu, ambaye mwenyewe alikuwa amebatizwa mwaka uleule wa 1882. Alipouawa tarehe 15 Novemba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, Karoli Lwanga, aliyekuwa bado mkatekumeni, aliomba Ubatizo siku hiyohiyo, kisha akaendeleza malezi ya vijana wa ikulu. Hakungoja kwanza awe mkongwe wa imani.

Mwezi Mei 1886, hukumu ilipokuwa imekaribia, Lwanga aliwabatiza kwa mkono wake wakatekumeni wanne. Mmoja wao alikuwa Kizito, kijana wa miaka ipatayo 14. Mapokeo yanasimulia kwamba Lwanga alimwahidi kumshika mkono saa ya kuikiri imani mbele ya Kabaka. Lakini huko Namugongo, tarehe 3 Juni 1886, Lwanga alitengwa na wenzake akachomwa moto mahali pake peke yake. Kizito na wenziwe waliingia motoni bila mlezi wao kuwa mbele ya macho yao, wala hawakuikana imani. Kama angekuwa amewafunga vijana wale kwake mwenyewe, wangebaki yatima siku ile. Alikuwa amewafunga kwa Kristo.

Kulelewa nako kuna gharama yake. Paulo, msomi wa Torati, alipofika Yerusalemu aliogopwa na wanafunzi, akakubali kupelekwa kwa mitume na Barnaba (Mdo 9:26-27). Baadaye Barnaba alisafiri hadi Tarso kumtafuta, wakafundisha pamoja Antiokia mwaka mzima (Mdo 11:25-26). Wengi wetu tuliopata Kipaimara zamani tunadhani tumeshavuka umri wa kushikwa mkono. Tunaungama, tunaondoka, na hakuna mtu anayejua tunasali vipi nyumbani.

Basi tunapochagua msimamizi, tuanze na masharti ya kanuni ya 874: awe ametimiza miaka 16, awe Mkatoliki aliyekwisha pokea Kipaimara na Ekaristi, aishi maisha yanayopatana na imani, wala asiwe baba au mama wa mbatizwa. Uwezo wa fedha haumo katika orodha hiyo, ingawa katika mazungumzo ya familia mara nyingi ndio unaotangulia. Tumtafute mtu anayeishi karibu, ikiwezekana wa Jumuiya Ndogo Ndogo ileile, atakayemuuliza mtoto kuhusu katekisimu yake na kumwona akikosa Misa. Wakati wa Kipaimara, kanuni ya 893 inasema yafaa msimamizi awe yuleyule wa Ubatizo. Wazazi wenye watoto katika mafundisho ya Kipaimara mwaka huu wamtafute sasa, kabla majina hayajapelekwa kwa paroko. Ikiwa amefariki au amehama, katekista wa kigango anaweza kuwasaidia kumpata mwingine.