Fulana Ukutani: Kutoka Mtumba hadi Fremu

Miongoni mwa mavazi yaliyoingia Afrika ya Mashariki katika karne mbili zilizopita, hapana lililoenea kama fulana, wala lililodharauliwa kama hiyo. Jina lake limetokana na neno la Kiingereza flannel, kitambaa laini cha sufu, lakini katika sikio la Mswahili limekaa jirani mno na neno jingine lililotoka Uarabuni: fulani, yaani mtu yeyote asiyetajwa. Ujirani huo ni wa bahati tu, walakini unasema kweli. Kanga ina jina lake na maneno yake. Kanzu ina darizi yake na siku yake. Fulana ni vazi la fulani.

Mkazi wa Sokon I, kata ya jiji la Arusha lililo chini ya Mlima Meru, akiivua fulana aipendayo, akaifua, akaipeleka kwa seremala itiwe fremu na kioo, kisha akaitundika sebuleni kati ya picha ya harusi na kalenda ya mwaka, hapana shaka jirani yake atacheka. Fulana na ukuta wamejuana siku nyingi, lakini nyuma ya mlango, penye msumari, si mbele ya wageni. Fulana ikichoka huenda shambani. Ikichoka zaidi hupigia deki. Mwisho huwa tambara la fundi wa baiskeli. Kuitoa katika njia hiyo na kuiweka nyuma ya kioo ni kuipa daraja ambalo hata mwenye nyumba pengine hajapewa. Je, kitendo hicho ni upuuzi wa kuiga Wazungu, au kina maana hapa kilipotendeka? Jawabu limo katika historia ya nguo yenyewe.

Nguo ya pamba iliyoivaa bara hapo kale ilipitia Unguja. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo, Richard Waters, mtu wa Salem katika jimbo la Massachusetts, akaanza kazi Unguja. Merikebu za Salem zilichukua pembe, ngozi na sandarusi. Zilileta kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa dawa ya kung'arisha. Watu wa pwani hawakujisumbua kukitafutia jina: walikiita marekani, nalo jina likabaki hadi leo. Kitambaa hicho kilipimwa kwa mkono na kwa doti, kikawa fedha. Kwa marekani mpagazi alipewa posho, chakula kilinunuliwa njiani, na hongo ililipwa kwa wenye nchi. Misafara iliyotoka Pangani kuelekea Kilimanjaro, Meru na nchi ya Wamasai ilibeba shehena hiyo pamoja na shanga na masango. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilipokatiza pamba, marekani iliadimika, na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikaziba pengo.

Katika lugha ya misafara hiyo, furushi la nguo lililofungwa tayari kwa bega la mpagazi liliitwa mtumba. Neno hilo halikufa. Zaidi ya miaka mia moja baadaye lilifufuka likiwa na maana mpya: robota la nguo zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo. Ni ajabu ya lugha kwamba nguo iliyopanda Meru ikiwa mpya na ile iliyokuja baadaye ikiwa kuukuu zimebeba jina moja, na kwamba sehemu kubwa ya zote mbili ilitoka nchi moja.

Kati ya mitumba ya kwanza na ile ya pili lipo tukio ambalo Arusha ina haki ya kulisimulia. Tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana katika mji huo, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Jumba la Kaloleni lililofungamana na mkutano huo likafanywa makumbusho mwaka 1977. Siasa ya kujitegemea ilikuwa pia siasa ya kujivika. Nchi yenye pamba yake ilitakiwa isokote, ifume na ishone nguo zake. Sunflag ilikuwa imekwisha kuanzishwa Arusha tangu 1965. Urafiki ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Mwatex ya Mwanza na Kiltex nazo zikawa majina ya nyumbani. Fulana ya siku hizo ilivaliwa na mwanafunzi katika michezo, na mfanyakazi katika maandamano ya Mei Mosi. Ilikuwa nyepesi, pengine ilipauka upesi, lakini jasho la aliyeifuma na la aliyeivaa lilikuwa la nchi moja.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, maduka yakawa matupu na nguo ikawa ya kupangiwa foleni. Bajeti ya mwaka 1984 ililegeza mlango wa bidhaa kutoka nje, na chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeshika madaraka mwaka 1985, mlango huo ukafunguliwa zaidi. Mitumba ikafurika. Wengine waliiita kafa Ulaya, kwa kudhani kwamba hakuna aliye hai awezaye kuitupa nguo nzima namna ile. Dhana hiyo haikuwa sahihi, lakini ilikuwa na adabu ndani yake, kwa kuwa iliichukulia nguo kama sehemu ya mtu, isiyomtoka ila kwa mauti. Katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki nguo za marehemu hugawiwa ndugu mbele ya ukoo, na kila anayepokea anajua kapokea ya nani. Mtumba ni urithi usio na marehemu, usio na ukoo, usio na kikao.

Mwaka 2005 mchumi wa Kimarekani, Pietra Rivoli, alichapisha kitabu juu ya safari ya fulana moja aliyoinunua Florida. Aliufuata mkondo wake kuanzia mashamba ya pamba ya Texas na viwanda vya Shanghai hadi masoko ya mitumba ya Dar es Salaam. Ipo njia nyingine ya ajabu kuliko hiyo. Katika fainali kubwa ya kandanda la Kimarekani, fulana za ubingwa huchapwa kabla ya mchezo kwa ajili ya timu zote mbili, ili washindi wazivae dakika ile ile. Za walioshindwa haziwezi kuuzwa. Kwa miaka mingi, hadi 2015, shirika la World Vision lilizipokea na kuzipeleka katika nchi maskini, zikiwamo za Afrika. Basi fulana ya mshindi ilitiwa fremu kwao, ikasimulia ushindi kwa wajukuu. Fulana ya aliyeshindwa ilivaliwa huku, ikitangaza kifuani ushindi ambao haukutokea kamwe. Aliyeivaa hakudanganya, wala hakudanganywa, alihitaji vazi. Lakini hapo ndipo unapoonekana mgawanyo wa dunia: upande mmoja hutunza kumbukumbu, upande wa pili huvaa masazo yake.

Arusha ilijaribu tena kulisemea jambo hilo. Tarehe 2 Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, walipokutana Ngurdoto nje kidogo ya mji, waliazimia kuondoa hatua kwa hatua uingizaji wa nguo na viatu vya mitumba ili viwanda vya ndani vipumue. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, na nafasi ya kuuza bidhaa Marekani bila ushuru ikawekwa rehani. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia, na mwezi Julai 2018 nguo zake zikanyang'anywa msamaha huo wa ushuru. Hata hivyo, haifai kusahau kwamba katika soko la Kilombero, Arusha, mtumba umesomesha watoto na kulipa kodi za vyumba. Muuzaji anayelikata robota na kuichambua fulana ya daraja la kwanza hana kosa. Kosa, kama lipo, ni la mizani iliyoiondolea nguo habari zake na kuibakizia uzito.

Hapa ndipo fremu ya Sokon I inapopata maana. Anayeitundika fulana yake anaiondoa katika mizani. Pengine ni fulana ya timu ya mtaa iliyokwisha kuvunjika. Pengine ni ya kampeni, ya miaka ile ambapo vyama viligawa fulana na kanga kwa jina la takrima, kabla Mahakama Kuu haijavitengua vifungu vya sheria vilivyoiruhusu mwaka 2006. Pengine ni ya mtumba, yenye jina la chuo asichokijua, lakini ndiyo aliyoivaa siku mtoto wake wa kwanza alipozaliwa. Maandishi ya kifuani hayana uzito tena. Vazi limepata msimulizi.

Wala jambo hili si la kuiga Magharibi. Kaab bin Zuhair aliposimama mbele ya Mtume na kusoma kasida yake, alivishwa burda. Wanahistoria wanasimulia kwamba Muawiya aliinunua kwa warithi wa mshairi, ikawa alama ya makhalifa. Na vazi lihifadhiwalo katika kasri la Topkapi, Istanbul, huaminiwa na wengi kuwa ndilo hilo. Kiswa cha Kaaba hubadilishwa kila mwaka, na vipande vya kile cha zamani hutolewa zawadi, vikatiwa fremu na kutundikwa kwa heshima. Kitambaa ni kitambaa. Kilichokiinua ni isnadi, yaani mlolongo wa wasimulizi unaokifuata. Ukikatika mlolongo, burda nayo ni nguo kuukuu.

Kwa sababu hiyo, mwenye kutaka kuitundika fulana na aifanye kazi hiyo kwa ujuzi. Aifue kwanza na kuikausha kabisa, maana jasho lililobaki huwa madoa ya manjano na chakula cha wadudu. Asitumie gundi wala misumari: gundi hukausha uzi, na chuma hutoa kutu wakati wa masika na wa ukungu wa Juni na Julai. Achukue kipande cha marekani kilichofuliwa, akiwambe juu ya ubao, kisha aishikize fulana juu yake kwa sindano nyembamba, mabegani na kwenye mapindo, penye nguvu. Mikono ikunjwe nyuma bila kukazwa. Kioo kisiiguse nguo. Seremala aweke vijiti vyembamba vya kuvitenganisha. Fremu isitundikwe penye jua, kwani jua hula rangi kimyakimya, wala kwenye ukuta unaovuta maji.

Yote hayo hayatoshi likikosekana moja, nalo ndilo jepesi kuliko yote. Nyuma ya fremu pabandikwe karatasi: ilikuwa ya nani, aliipata wapi na mwaka gani, aliivaa siku gani, na kwa nini hakuitupa. Maana siku mwenyewe atakapoondoka, vyombo vitatolewa nje, na asiyejua ataikuta nguo kuukuu chini ya kioo. Atachukua kioo, fulana ataitia katika mfuko, na mfuko utafungwa pamoja na mingine. Hapo itakuwa imerudi ilikotoka. Mtumba si nguo iliyochakaa, kwani nyingi huwa nzima. Ni nguo iliyopoteza maelezo yake. Mwaka 1967 mji wa Arusha uliandika maelezo yake kwenye karatasi, na kwa sababu yaliandikwa, hata wasioyakubali wanajua wanakataa nini. Ukuta wa Sokon I nao unahitaji karatasi yake, hata kama ni ya mistari mitatu.