Mshahara wa Askari na Maasi ya 1964

Zitajwapo gharama za ulinzi, watu wengi hufikiri habari za mizinga na manowari. Historia ya Tanganyika yaonyesha kuwa shilingi za mwisho wa mwezi zaweza kuwa na uzito zaidi.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961, ilirithi kutoka King's African Rifles jeshi dogo la vikosi viwili, kimoja Colito karibu na Dar es Salaam, cha pili Tabora. Nchi ilikuwa maskini, na Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitatu ulikuwa na madai mengi juu ya hazina. Basi jeshi liliachwa karibu kama lilivyokuwa. Jina liligeuzwa likawa Tanganyika Rifles. Lakini maofisa wengi walibaki Waingereza, na askari wa kawaida aliendelea kupokea kiasi cha Shs. 105/- kwa mwezi. Siwezi kusema kwamba uchaguzi huo ulikuwa wa kipumbavu, kwani adui wa kuvuka mpaka hakuonekana. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kudhani kwamba jeshi lisilo na vita halina madai.

Alfajiri ya tarehe 20 Januari, 1964, askari wa Colito waliwakamata maofisa wao, wakaingia mjini. Walidai mambo mawili: Waingereza waondolewe, na mshahara upandishwe hadi Shs. 260/-. Kesho yake wenzao wa Tabora wakafuata. Yafaa tuangalie kwamba hawakudai kutawala. Ndiyo sababu neno *maasi* lafaa hapa kuliko *mapinduzi*, ingawa siku chache kabla yake Unguja ilikuwa imepinduliwa, na hofu ilikuwa moja. Tarehe 25 wanamaji wa Kiingereza, walioitwa na Serikali yenyewe, walishuka Colito kwa helikopta. Akiba iliyopatikana katika mishahara ilikuwa imelipwa kwa sarafu nyingine: dola huru kumwita mtawala wa jana ailinde dhidi ya askari wake.

Jeshi lile likavunjwa. Kikosi kutoka Nigeria kililinda nchi kwa miezi kadhaa, na Septemba, 1964, likaanzishwa Jeshi la Wananchi, ambalo vijana wa TANU waliandikishwa humo. Jina lenyewe, la Kiswahili safi, lilikuwa tangazo la siasa.

Uganda ilishika njia nyingine. Askari wa Jinja walimzuia Waziri Felix Onama tarehe 23 Januari mpaka akakubali kuwaongezea mshahara. Waingereza walikuja huko nako, walakini nyongeza haikufutwa, na askari wengi walibaki kazini. Mshahara peke yake hauelezi yote yaliyofuata. Ila askari walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba hazina hufunguka kwa bunduki. Tarehe 25 Januari, 1971, jeshi hilo, chini ya Idi Amin, liliipindua Serikali. Mwaka 1978 liliingia Kagera, na Jeshi la Wananchi likatoka kulikabili.