Katekisimu, Shirika na Mwanafunzi Mzee: Elimu ya Watu Wazima katika Kanisa la Bukavu tangu 1906

1. Utangulizi

Historia ya elimu katika Kivu imeandikwa aghalabu kwa kufuata shule za watoto na vijana. Chuo cha Alfajiri, kilichoanzishwa na Wajesuiti mjini Bukavu mwaka 1938, kina nafasi yake katika historia hiyo, na hali kadhalika shule za msingi za misheni na vyuo vikuu vilivyofuata. Mtu mzima, na hasa mzee, huonekana humo kama mzazi anayemsindikiza mtoto hadi mlangoni, kisha anarudi shambani. Picha hii ina upungufu. Kanisa lilikuwa na wanafunzi wazee tangu siku zake za kwanza katika Bushi, nao hawajakoma kuwapo.

Makala haya yanachunguza jinsi Kanisa Katoliki katika Jimbo Kuu la Bukavu lilivyowafundisha na kuwatunza watu wa umri mkubwa, na pale inapobidi yanalilinganisha na makanisa ya Kiprotestanti. Hoja inayotetewa ni kwamba karibu katika kila kipindi mzee hakuwa yeye hasa aliyekusudiwa. Aliingia kwa mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mtu mwingine: mkatekumeni, mke wa mfanyakazi, mkimbizi, mhanga wa vita. Kwa sababu hiyo alijifunza mengi kwa sikio na machache kwa jicho, na pengo hilo linamgharimu hadi leo.

2. Ukatekumeni: shule ya sikio

Mapadri Weupe, ambao shirika lao lilianzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie mjini Algiers mwaka 1868, walikuwa na vituo katika ukingo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika tangu miaka ya 1880, Mpala kikiwa kimojawapo. Kutoka huko walipanda kuelekea Ziwa Kivu. Jimbo la Bukavu linahesabu uinjilishaji wake tangu 1906, mwaka wa misheni ya Nyangezi, na ndiyo maana jubilei ya miaka 100 iliadhimishwa mwaka 2006. Vikarieti ya Kivu iliundwa mwaka 1929, na Bukavu ikawa jimbo kuu mwaka 1959.

Kanuni aliyoiacha Lavigerie ilidai kwamba mtu mzima asibatizwe kabla ya kupita muda mrefu wa matayarisho, kwa kawaida miaka minne. Ukitazamwa kwa jicho la historia ya elimu, ukatekumeni huu ulikuwa mpango mkubwa wa kufundisha watu wazima. Ulikuwa na madarasa yake, walimu wake, yaani makatekista ambao wengi wao walikuwa wenyeji, na mitihani yake. Somo lenyewe lilikuwa la maswali na majibu: katekista huuliza, kundi hujibu, na jibu hurudiwa mpaka limekaa moyoni. Mzee hakuhitaji kushika kitabu. Kwa watu waliozoea kuhifadhi nasaba, methali na hukumu za baraza kwa kumbukumbu tu, njia hii haikuwa ngeni, na yamkini ndiyo iliyowawezesha wazee wengi kumaliza masomo hayo.

Waprotestanti walifuata njia tofauti kidogo. Wamisionari Wapentekoste kutoka Sweden na Norway walianza kazi katika Kivu ya Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1920, Wanorwe wakiwa na kituo kikuu Kaziba. Kwao muumini alitarajiwa kujisomea Maandiko, na kwa hiyo herufi ziliwekwa karibu zaidi na imani. Hata hivyo uwezo wao ulikuwa mdogo. Hadi mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilitoa ruzuku ya elimu kwa misheni zilizoitwa za kitaifa, yaani za Kikatoliki za Kibelgiji, huku Waprotestanti wakijitegemea. Matokeo yake ni kwamba upande uliokuwa na fedha haukuona haja kubwa ya kumfundisha mzee kusoma, na upande ulioona haja hiyo haukuwa na fedha.

3. Mji usiokuwa wa wazee

Bukavu ya wakoloni, iliyojulikana kwa jina la Costermansville hadi miaka ya 1950, haikujengwa kwa ajili ya wazee. Mtaa wa Waafrika ulitawaliwa kwa sheria za vituo vilivyo nje ya mamlaka ya kimila, na haki ya kukaa mjini ilifungamana na kazi na kibali. Mwanamume mwenye nguvu alikaribishwa pamoja na mke wake, ilhali mama yake alibaki kijijini, Kabare au Walungu.

Programu za jamii za wakati huo zilifuata mpango huo huo. Katika miji ya Kongo ya Kibelgiji zilianzishwa nyumba za mafunzo zilizoitwa "foyer social", nyingi zikisaidiwa na watawa wa kike. Humo wake wa wafanyakazi na wa makarani walifundishwa kushona, kupika, usafi na malezi. Lengo lilikuwa familia changa ya mjini. Bibi mwenye umri wa miaka 60 hakuwa na dawati humo, kwa kuwa hakutarajiwa kuwepo mjini. Uhuru ulipofika mwaka 1960 na vizuizi vya kuingia mjini kulegea, wazee waliwafuata watoto wao Kadutu, Ibanda na Bagira. Walikuta Kanisa lenye shule nyingi za watoto wao lakini lisilo na darasa kwa ajili yao.

4. Shirika

Badiliko kubwa halikutokana na mpango wa elimu. Mwishoni mwa mwaka 1961, katika mkutano wao mkuu, maaskofu wa Kongo waliamua kwamba uhai wa Kanisa ujengwe juu ya jumuiya hai za Wakristo, badala ya kutegemea majengo na taasisi peke yake. Maaskofu wa Afrika Mashariki katika AMECEA walifikia uamuzi unaofanana na huo katika miaka ya 1970, na huko Tanzania na Kenya matunda yake hujulikana kama jumuiya ndogondogo. Mjini Bukavu jina lililoshika mizizi ni "shirika", nalo lilienea katika kipindi cha Askofu Mkuu Aloys Mulindwa Mutabesha, aliyeongoza jimbo tangu katikati ya miaka ya 1960 hadi 1993.

Mazingira ya kisiasa yaliipa shirika uzito wa ziada. Utawala wa Mobutu ulipiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972, ukavunja vyama vya vijana vya Kanisa, na mwishoni mwa 1974 ukataifisha shule. Shule zilirudishwa mikononi mwa makanisa kwa mkataba wa Februari 1977. Katika miaka hiyo, kundi la majirani wanaokutana uani kwa mmoja wao lilikuwa vigumu kulitaifisha.

Shirika hukutana kwa kawaida mara moja kwa wiki. Somo la Biblia husomwa, kila mtu huombwa aseme alichosikia, kisha huzungumzwa mambo ya mtaa: mgonjwa wa kutembelewa, msiba wa kuchangiwa, ugomvi wa kusuluhishwa. Hapa, kwa mara ya kwanza, mzee hakuwa mwanafunzi wa kukariri tu. Msomaji angeweza kuwa kijana wa sekondari, lakini katika usuluhishi na katika kufasiri somo kwa mifano ya maisha neno la mzee lilikuwa na uzito. Elimu na huduma ya jamii havikutenganishwa, kwani aliyefundishwa Jumanne ndiye aliyetembelewa kitandani Alhamisi.

Kwa upande wa lugha, shirika lilikuwa pia darasa la Kiswahili ambalo hakuna aliyelipangia ratiba. Bukavu ni mji wa Kimashi, Kihavu, Kilega, Kitembo na Kifuliiru, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wasemaji wa lugha hizo. Mzee aliyefika mjini akiwa na Kimashi peke yake alikutana na Kiswahili cha sala na cha Maandiko, kilicho karibu na kile ambacho wenyeji hukiita "Kiswahili bora", kabla hajazoea Kiswahili cha soko. Wajukuu wake walizungumza Kiswahili cha mtaani, pamoja na Kiindubili ambacho mwanaisimu Didier Goyvaerts alikichunguza mjini humo katika miaka ya 1980. Hivyo katika nyumba moja mzee aliweza kukifahamu Kiswahili cha Injili bila kuuelewa mzaha wa mjukuu wake.

5. Miaka ya vita

Mwezi Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Bukavu na pembezoni mwake. Miaka miwili baadaye vita vilifika mjini, na tarehe 29 Oktoba 1996 Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa humo. Mrithi wake, Emmanuel Kataliko, aliandika barua ya Noeli ya mwaka 1999 iliyokemea unyonyaji wa watu na utawala wa nguvu za kigeni. Februari 2000 alihamishiwa Butembo kwa lazima. Alirejea Septemba, akafariki karibu na Roma tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo.

Barua ya namna hiyo inastahili kuingizwa katika historia ya elimu ya watu wazima. Husomwa kwa sauti kanisani, kisha huzungumzwa katika mashirika. Kwa njia hiyo mzee asiyejua kusoma hupata hoja iliyopangwa kuhusu kodi, madini na haki, naye huweza kuijadili. Mafanikio haya ya shule ya sikio hayapaswi kubezwa.

Vita vilileta pia mlango mpya. Makanisa yaligeukia wahanga. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 chini ya jumuiya ya Kipentekoste ya CEPAC na Daktari Denis Mukwege, ilijulikana duniani kwa kuwatibu wanawake waliobakwa. Katika Nyumba ya Dorcas, iliyo chini ya kazi hiyo hiyo, wanawake hufundishwa kusoma, kuhesabu na kazi za mikono. Miongoni mwa waliobakwa Kivu walikuwamo hata bibi wazee, na kwa hiyo mzee aliweza kukaribishwa darasani. Lakini aliitwa kwa jina la jeraha lake. Bibi jirani yake aliyenusurika jeraha hilo na kubaki akilea wajukuu yatima hakuwa na sababu ya kuitwa.

6. Gharama ya kutosoma

Huweza kudaiwa kwamba mzee anahitaji chakula na dawa, wala si alfabeti. Hoja hiyo ina ubinadamu ndani yake, nao mfumo wa pensheni unaonekana kuiunga mkono. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliyoweka utaratibu mpya wa hifadhi ya jamii inategemea ajira rasmi, ilhali mama aliyelima Walungu au kuuza ndizi Kadutu maisha yake yote hakuwa na mwajiri wa kumchangia.

Lakini msaada wenyewe umeanza kupitia kwenye maandishi. Mfano ulio karibu ni mutuelle za mshikamano, ziitwazo muso, zilizoenea Kivu ya Kusini zikichochewa na makanisa na mashirika ya maendeleo. Muso huwa na kasha la kijani kwa mikopo, na jekundu kwa ugonjwa na misiba. Kila mchango huandikwa daftarini. Mzee asiyesoma anachangia kama wenzake, lakini hawezi kuhakiki mstari wenye jina lake. Humtegemea katibu, ambaye aghalabu ni kijana. Ndivyo ilivyo kwa hati ya kiwanja anayoitia dole gumba. Katika uchaguzi wa Desemba 2018 mpiga kura alitakiwa kugusa skrini ya mashine yenye namba na picha za wagombea. Asiyetambua namba alilazimika kumwamini aliyesimama kando yake.

Tanzania hutoa mfano wa kulinganisha. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wilaya sita, Ukerewe, Mafia na Masasi zikiwemo, zikapewa jukumu la kufuta ujinga kabla ya mwisho wa 1971. Huko mtu mzima aliitwa kwa jina lake, na kwa Kiswahili. Kongo haikupata kampeni ya uzito huo. Katiba ya mwaka 2006 inasema, katika ibara ya 44, kwamba kufuta ujinga wa kutosoma ni wajibu wa taifa, na ibara ya 49 inamtambulia mtu wa umri mkubwa haki ya hatua maalumu kulingana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya kimaadili. Mahitaji ya akili yametajwa waziwazi. Hata hivyo mzigo wa kuyatimiza umebaki kwa sehemu kubwa mikononi mwa makanisa na vyama, na Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23, hata mikono hiyo ilitikisika.

7. Hitimisho

Kwa muda unaozidi karne moja Kanisa la Bukavu limethibitisha kwamba mzee anafundishika. Alikariri katekisimu, akajifunza Kiswahili ukubwani, akajadili barua za maaskofu wake. Kilichokosekana ni programu inayomwita kwa sababu ya umri wake, na inayomkabidhi kalamu.

Mahali pa kuanzia pamekwisha kuwepo. Shirika linakutana tayari, lina wasomaji vijana na wasikilizaji wazee, na lugha yake ni Kiswahili. Nusu saa ya ziada kila wiki, ambamo kijana anayesoma somo anamwonyesha mzee neno moja la somo hilo, kisha namba moja ya daftari la muso, haihitaji jengo wala mfadhili. Inahitaji uamuzi wa parokia, kitabu chepesi cha kusomea kilichoandikwa kwa Kiswahili ambacho mzee wa Bukavu anakisikia kila juma, na walimu wa kukiandaa. Kazi hiyo ya mwisho ni ya idara za Kiswahili, na haifai kusubiri, maana wanafunzi wanaohusika hawana miaka mingi ya kungoja.