Mpaka Usio na Askari

Ukitoka Ziwani kwa miguu kwenda tao, ukapita Kariokor na kushika barabara ya Racecourse, utavuka mpaka bila kuulizwa kitambulisho. Ni daraja tu, na chini yake Mto Nairobi, mweusi, unanuka. Wengi hupita wameziba pua.

Kenya ina mito ya mipaka inayojulikana: Daua hututenga na Ethiopia kule Mandera, Sio na Malaba hututenga na Uganda. Huu wetu haumo kwenye orodha hiyo, ila umetenga watu kweli.

Chanzo chake ni kinamasi cha Ondiri, Kikuyu. Huteremka Dagoretti, Kawangware na Chiromo, ukapita nyuma ya Grogan, Gikomba, hadi Dandora na kuingia Mto Athi. Wamaasai waliuita Enkare Nyirobi, maji baridi. Reli ikafika mwaka 1899. Jina likabaki, maji yakaharibika.

Siri ya utengano huo iko kwenye mteremko. Wazungu walishika juu magharibi, penye udongo mwekundu na hewa safi. Tauni ilipozuka mwaka 1902, soko la Wahindi lilichomwa moto. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya, akapendekeza watu watengwe kwa rangi, kwa kisingizio cha afya. Mwafrika akapewa mashariki, bondeni, kwenye udongo mweusi unaong'ang'ania kiatu mvua ikinyesha. Kariokor ilipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza, Carrier Corps. Ziwani ilijengwa miaka ya 1940, na jina lenyewe halifichi habari ya maji. Kilichomwagwa juu, kilipokewa chini.

Ulinzi wa mto ulichelewa. Kanuni za maji za 2007 zilitenga ukingo wa mita 6 hadi 30 usijengwe. Waziri wa Mazingira John Michuki aliusafisha mto kwa ukali wake, na bustani iliyo karibu na mzunguko wa Globe ina jina lake. Kisha ikaja Tume ya Mito ya Nairobi, 2022. Mafuriko ya 2024 yalipoua watu, serikali iliamuru waliokaa ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru, tena huko huko mashariki.

Simama darajani utazame. Kijana wa mkokoteni anauvuka mto kwa hatua chache. Ukingo anaokatazwa kujenga ni mpana kuliko mto wenyewe.