Sungura Alitoroka Kisimani, Akaja Kutolewa Disney: Kisa cha Bembea Zinazobadilishwa Sura

Ukitaka kujua Dodoma ina watoto wangapi, subiri sikukuu. Siku ya Idd au Krismasi pita Chinangali Park, au mwezi wa nane ukatishe Nane Nane pale Nzuguni, uone foleni. Mama ana mtoto mgongoni, mwingine mkononi, wa tatu ameshachomoka anakimbilia bembea.

Sasa ukifika kwenye viwanja vya sikukuu, popote pale nchini, sahau rangi kidogo, angalia chuma. Bembea la kuzunguka ni lilelile miaka yote: mhimili katikati, mikono pembeni, mota inayonguruma, na fundi mwenye spana mfukoni. Kinachobadilika ni sura. Kulikuwa na enzi ya Mickey Mouse na Tom na Jerry. Ikaja enzi ya Ben 10. Frozen ilipotoka mwaka 2013, Elsa na nywele zake za kusuka akavamia kila kitu, kuanzia mabegi ya shule mpaka keki za birthday, na bembea nazo hazikupona. Kazi inafanywa na mchora mabango wa mtaani, yuleyule anayechora saluni na kuta za chekechea. Anaonyeshwa picha kwenye simu, anapewa ndoo ya rangi, kesho yake bembea ni jipya. Elsa anaweza kutoka na makengeza na shingo ya twiga. Haijalishi. Mtoto anamtambua kabla hata mama hajafungua pochi.

Wenye viwanja vikubwa vya burudani duniani wanafanya mchezo huohuo. Tofauti ni bajeti tu.

Disneyland ilifunguliwa California mwaka 1955, na haikuchukua muda wenyewe wakagundua siri ya biashara: chuma ni ghali, hadithi ni nafuu. Kuchimba mfereji, kumwaga zege na kutandika reli kunakula pesa ndefu. Lakini mfereji ukishakuwepo, unaweza kupitisha hadithi yoyote juu yake. Nyambizi zao zilianza mwaka 1959 zikiwa za safari ya chini ya bahari, zikafungwa mwaka 1998, zikarudi mwaka 2007 zikiwa za yule samaki Nemo. Kule Florida kulikuwa na safari ya mashua ya kuonyesha Norway, na mazimwi yake na bahari yake yenye dhoruba. Ilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2016 mashua zikarudi kwenye maji yaleyale, ila safari hii mwenyeji ni Elsa. Norway halisi ikapishana na ufalme wa kwenye katuni, na foleni ikawa ndefu kuliko mwanzo.

Ukiwaza kibiashara, inaeleweka. Filamu imeshamtangaza mhusika dunia nzima, mtoto anakuja akiwa tayari ameshampenda, na akishuka tu kwenye bembea anakutana na duka la midoli. Hapo mzazi ameshaisha.

Lakini kuna bembea moja ambalo historia yake haiishii kwenye duka la midoli. Hilo linatuhusu huku kwetu, ingawa wengi hawajui.

Mwaka 1983, mbunifu mmoja wa Disney alikuwa amekwama kwenye foleni ya magari akielekea kazini. Kichwani ana matatizo matatu. Watu wanataka mchezo wa mitumbwi ya magogo inayoporomoka kwenye maji (magogo ya miti jamani, watani wa Wagogo msianze). Kuna kona ya kiwanja haipati wageni. Na kuna onyesho la zamani la wanyama wa mashine wanaoimba, limechuja, wanyama wako zaidi ya mia na hawana kazi. Kabla foleni haijasogea akawa ameshapata jibu: awakusanye wanyama wale, awaweke kwenye mlima wa maji, na awape hadithi ya Sungura.

Ndiyo, Sungura. Huyuhuyu.

Mchezo ulifunguliwa mwaka 1989 kwa jina la Splash Mountain. Unapanda mtumbwi, unamfuata Sungura anavyowakimbia Mbweha na Dubu, ananaswa, anawaongopea, na mwisho mtumbwi unaporomoka karibu mita 16 mpaka majini. Ukapendwa vibaya mno. Mwaka 1992 wakajenga mwingine Florida na mwingine Tokyo.

Sungura huyo Disney walimtoa kwenye filamu yao ya mwaka 1946, Song of the South, iliyochanganya waigizaji na katuni. Filamu yenyewe wameitoa kwenye vitabu vya mwandishi wa gazeti mmoja, mzungu wa jimbo la Georgia, ambaye kitabu chake cha kwanza cha hadithi hizo kilitoka mwaka 1880. Naye alizitoa wapi? Alipokuwa kijana aliishi kwenye shamba lenye watumwa, jioni anakaa nao, anawasikiliza wanavyosimulia. Wasimulizi hao majina yao hayakuwa kwenye jalada. Jina la kwenye jalada lilikuwa la aliyeandika.

Sasa chukua kile kisa maarufu kuliko vyote katika hadithi zile. Mbweha anatengeneza sanamu la lami, analiweka njiani, Sungura analisalimia, halijibu, analipiga ngumi, ananata. Halafu kaa na bibi yeyote anayejua hadithi umwambie akusimulie ya kisima. Jua limewaka, mito imekauka, wanyama wanakubaliana wachimbe kisima. Sungura anajifanya mjanja, hachimbi. Maji yakipatikana, usiku anakuja kuiba, anakunywa, anaoga humohumo na kuyachafua. Walinzi wote anawazidi akili, mpaka Kobe anapojipaka ulimbo mgongoni na kujilaza majini kama jiwe. Sungura anakanyaga. Ananata mguu mmoja, anapiga teke kwa wa pili, nao unanata.

Ni kisa kilekile. Lami imekuwa ulimbo, njia imekuwa kisima, ila mjanja ni yuleyule na kosa lake ni lilelile. Na kwa mtu wa nyanda za kati hakihitaji maelezo. Dodoma mvua inanyesha msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, baada ya hapo ni vumbi na ndoo za maji. Hadithi ya mtu aliyekwepa kuchimba kisima halafu akaja kuiba maji, huku si ya kuchekesha tu. Ni kesi.

Tusikuze mambo lakini. Hakuna anayeweza kusema Sungura wa Ugogo ndiye aliyepanda meli. Misafara iliyokatiza Ugogo na Mpwapwa karne ya 19 ilielekea Bagamoyo na Zanzibar, na waliouzwa huko wengi walibaki pwani au walipelekwa upande wa Bahari ya Hindi. Waliofikishwa Marekani wengi walitoka Afrika Magharibi na maeneo ya Kongo na Angola. Ila hadithi za sungura mjanja zimeenea sana kwa wasemaji wa lugha za Kibantu, kutoka Angola mpaka huku, kwa hiyo aliyeuzwa Angola na aliyebaki Kongwa wangeweza kukaa moto mmoja na kumaliziana hadithi. Hicho ndicho kilichovuka bahari. Watu walinyang'anywa majina, ndugu na lugha. Sungura hakukamatika.

Kilichomkamata ni filamu. Song of the South iliwaonyesha watu weusi wa mashambani, muda mfupi baada ya utumwa, wakiwa na furaha zao kana kwamba hakuna kilichowahi kutokea, na chama cha kutetea haki zao, NAACP, kilipinga tangu mwanzo. Mwigizaji mkuu, mtu mweusi, hakuhudhuria hata uzinduzi wa filamu yake mwenyewe mjini Atlanta, kwa sababu ya ubaguzi wa pale. Fikiria hilo. Picha yako ndiyo inayojaza ukumbi, wewe huwezi kukaa na wenzako humo ndani.

Disney wenyewe waliona aibu. Filamu hawajawahi kuiuza kwa kanda wala DVD nchini Marekani, na mara ya mwisho kuonyeshwa kwenye kumbi za sinema ilikuwa mwaka 1986. Hata walipojenga mchezo, sanamu la lami walilikwepa. Kwenye Splash Mountain, Sungura ananata kwenye mzinga, kwenye asali. Mtu wa Manyoni au Singida angesema sawa tu, asali tunaijua. Lakini ndiyo hivyo, hadithi ikaanza kukwanguliwa rangi taratibu.

Juni 2020, Marekani ikiwa inawaka kwa maandamano baada ya polisi kumuua George Floyd, Disney walitangaza kwamba Sungura anaondoka. Florida wakafunga Januari 2023, California Mei mwaka huohuo. Mashabiki walilia kweli. Wengine walichota maji ya mfereji wakayaweka kwenye chupa na kuyatangaza mtandaoni kuyauza. Maji, jamani! Dodoma wangekuelewa.

Mwaka 2024 mtumbwi ulirudi na sura mpya: Tiana, binti wa New Orleans wa kwenye The Princess and the Frog ya mwaka 2009, binti mfalme wa kwanza mweusi wa Disney. Mfereji ni uleule. Mporomoko ni uleule wa mita 16. Kwa mabinti wengi weusi waliopanda siku za mwanzo, kumkuta mtu anayefanana nao mwisho wa safari haikuwa jambo dogo, na anayebeza hilo hajawahi kumtafutia mwanawe mdoli anayefanana naye akamkosa.

Bado kuna kinachouma. Filamu ilikuwa mbaya, hadithi haikuwa mbaya. Kilichotakiwa kufutwa ni yale mashamba yenye tabasamu la uongo. Aliyefutwa ni Sungura, kitu pekee ndani ya filamu ile ambacho watumwa walikuja nacho wenyewe. Amefukuzwa kwa kosa la waliomwandika.

Turudi Dodoma, ambako mji wenyewe una jina lililotoka kwenye kisa cha mnyama aliyenasa. Wazee wanasema tembo alikuja kunywa maji mtoni, akazama kwenye tope, na walioona wakasema kwa Kigogo: idodomya, amezama. Tembo, maji, tope, kelele za watu. Hilo ni bembea la maji lililokamilika, limebaki kuchorwa tu, na hakuna wa kumlipa haki miliki.

Wala wachora katuni si kwamba hatuna. Ubongo Kids wamekuwa kwenye runinga tangu mwaka 2014, kazi ya Dar es Salaam kwa Kiswahili, na Akili, yule mtoto wa kwenye Akili and Me, anaishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Mpe mchora mabango picha yake kwenye simu, atamchora palepale, makengeza yakiwemo.

Kwa sasa Sungura amebakiza bembea moja. Yuko Tokyo, hajabadilishwa. Kila siku anawatoroka Mbweha na Dubu mbele ya watoto wa Kijapani ambao hawajawahi kusikia habari za ulimbo wala kisima, anawaongopea, halafu mtumbwi unaporomoka na watoto wanapiga kelele.