Bakteria iliyosahauliwa miaka 50

Mbolea ni bei kali. Basi tuangalie historia ya msaidizi mmoja anayeishi mu udongo.

Mu 1904, Mjerumani Lorenz Hiltner alipatia jina udongo unaozunguka mizizi: rizosfia. Mu 1925, Mholanzi Beijerinck akaeleza bakteria moja, Spirillum lipoferum. Kisha watu wakaisahau.

Miaka ya 1970, mu Brazili, mama Johanna Döbereiner njo aliirudilia: aliikuta kwenye mizizi ya majani na mahindi. Leo inaitwa Azospirillum. Wengi walifikiri kazi yake ni kupatia mmea azoti tu. Lakini mu 1979, Tien, Gaskins na Hubbell wakaonyesha kwamba inatengeneza pia oksini, homoni ya kukomalisha. Mizizi ya uwele ilitoa matawi na manywele mingi zaidi. Mizizi ya namna hiyo inafikia maji na chakula kingi mu udongo.

Leo wakulima wa Brazili wanaipaka kwenye mbegu za mahindi.

Döbereiner hakungojea kitu kipya. Alirudilia kile wengine waliacha. Wanafunzi wa agronomia, mu udongo wa kwetu, ni nini tuliacha?