Mganga wa Karema na Masomo ya Malta

Wazazi wengi hutuuliza: tukimpeleka mtoto kusoma ng'ambo, atarudi kwetu? Na akirudi, atatujua tena? Swali hili si la jana wala juzi. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alihangaika nalo kabla reli ya kwanza haijajengwa katika Kongo.

Mwaka 1881 alifungua nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta. Humo aliwaweka vijana Waafrika waliokombolewa utumwani, wapate kusoma uganga katika chuo kikuu cha kisiwa kile. Alifikiri kwamba mganga hufunguliwa mlango hata pale anapofungiwa padri, tena Mwafrika atasikilizwa na Waafrika wenzake. Lakini aliogopa jambo moja: wasije wakazoea maisha ya Kizungu, wakashindwa kukaa na watu. Kwa hiyo akataka wajifunze uganga wa Ulaya, bali chakula, mavazi na malazi yao yabaki ya Kiafrika. Sisi twaona neno hili lilikuwa na akili, ingawa lilikuwa gumu. Nani atakaa ugenini miaka mingi, asichukue lolote la wenyeji wake?

Mmoja wao alikuwa Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, penye mto Niger, akaibwa angali mtoto, akapitishwa jangwani, na mwaka 1876 mapadri wakamkomboa katika Algeria. Tusisahau basi kwamba safari yake ya kwanza hakuichagua, wala wazazi wake hawakuulizwa.

Alipomaliza masomo mwaka 1888 akatumwa Tanganyika. Mwaka 1889 akafika Karema, ng'ambo ya mashariki ya ziwa, inayoelekeana na Mpala yetu. Siku zile wakamata watumwa walikuwa bado wanawatesa watu wa pande zote mbili za ziwa, na Kapteni Joubert alikuwa akiwapinga upande huu wetu.

Je, Atiman alikuwa amerudi kwao? Hata! Kutoka Karema mpaka Timbuktu ni mbali mno. Ngozi yake ilifanana na ya wenyeji, lakini lugha yao hakuijua, na vitabu vya Malta havikumfundisha desturi za Wabende. Hapo masomo yake ya pili yakaanza, safari hii bila mwalimu wala cheti, naye alikuwa mtu mzima. Akajifunza kusema nao, akaoa binti wa mkuu wao, akatibu wagonjwa na kufundisha dini pamoja.

Si wote waliosoma Malta waliodumu katika kazi ile. Wengine waliiacha, ingawa walilishwa chakula kile kile na kufundishwa darasani mamoja na Atiman. Yeye mwanawe Yosefu akawa padri, na mwenyewe hakuondoka Karema mpaka alipokufa mwaka 1956, baada ya miaka 67 ya kuwatibu watu wa ziwa.